Kwa nini vyumba vya nyumba za kale za Lamu na Unguja ni virefu lakini vyembamba?

Ingia nyumba yoyote ya mawe ya zamani kisiwani Lamu, uipime kwa hatua. Ukifuata urefu wa msana, yaani ukumbi wa nyumba, utatembea mpaka uchoke. Ukikata upana, hatua nne tu na umeshagusa ukuta. Toka msana wa tini (wa chini), ingia wa yuu (wa juu), pita mpaka ndani kabisa: upana ni uleule, takriban mita 2.5 hadi 3. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja, mambo ni hayohayo. Na waliojenga hawakuwa maskini. Ukuta wa nusu mita, zidaka (vishubaka vya ukutani) zilizochongwa kwa chokaa, mlango wa nakshi. Mtu aliyeyagharamia hayo hakushindwa kujenga chumba kipana. Kilichomzuia ni nini?

Inua macho. Dari imebebwa na boriti, zimelazwa kwa kukaribiana kutoka ukuta hadi ukuta, na boriti ni mti wa mkoko. Wauza miti wa Lamu huupa mti jina kwa unene wake: fito ndio mwembamba kabisa, halafu pau, mazio, boriti, nguzo, na huuza kwa korja, yaani miti 20. Boriti ni mti wa sentimita 12 hivi kwa unene. Mzito, umejaa utomvu mkali usiopendwa na mchwa, na chumvi ya bahari haiutishi kwa kuwa umekulia humohumo. Kwa pwani, sidhani kuna mti wa kujengea unaoushinda.

Lakini tazama unachobebeshwa. Juu ya boriti hupangwa vipande bapa vya matumbawe, juu yake kifusi na chokaa, kisha sakafu ikapigwa kwa miti siku kadhaa, watu wakiimba, mpaka ikashikana. Dari ya namna hiyo ikifika unene wa sentimita 30, kila mita moja ya mraba hukaribia nusu tani.

Sasa fanya jaribio dogo. Laza ubao mwembamba juu ya matofali mawili, panga vitabu juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, uone unavyopinda. Sogeza matofali mpaka nafasi kati yake iwe mara mbili, uongeze vitabu kujaza urefu wote. Ubao hautapinda mara mbili tu. Mkazo unaotaka kuuvunja katikati umekuwa mara 4, na kule kubonyea kumekuwa mara 16. Ndiyo maana fundi wa kale hakuthubutu kupanua chumba hata kwa mita moja. Alikirefusha, kwa sababu urefu hauna deni: unaongeza boriti nyingine pembeni ya ile ya kwanza, na kila moja inabeba fungu lake.

Kipimo hicho kilisafiri. Majahazi yalipakia miti Lamu na kwenye delta ya Rufiji yakaipeleka Oman, Bahrain na Kuwait, kusikokuwa na misitu ya kujengea, na huko nako vyumba vya nyumba za kale vikatoka vyembamba. Katika karne ya 10, mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba hata nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki.

Chuma ndicho kilichovunja mipaka hiyo. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash Unguja mwaka 1883, lilitumia nguzo na mihimili ya chuma, na ndiyo maana lilikuwa na baraza na dari pana ambazo boriti peke yake isingeziweza. Baadaye likaja zege lenye nondo. Zege linastahimili sana kukandamizwa, lakini ukilivuta hukatika upesi. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama moja ya kumi. Slabu, yaani bamba la zege la dari, inapobonyea, upande wa chini ndio unaovutika, kwa hiyo nondo hulazwa chini. Chuma kinavumilia mvuto, zege linavumilia mkandamizo, na bahati nzuri vyote viwili hutanuka kwa joto karibu sawasawa, havigombani.

Kwa hiyo zege limeshinda? Pwani, nasita. Ukali wa saruji, unaofanana na wa magadi, hukilinda chuma kisishike kutu. Chumvi huuvunja ulinzi huo. Fundi akichanganya zege kwa mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi, ameshaitia kutu nyumba kabla haijahamiwa. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe: inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Simama chini ya roshani za Mombasa au Dar es Salaam zilizotazama bahari miaka mingi, utaona nondo nyekundu zimetokeza kama mbavu, vipande vya zege vimeshaanguka.

Linaloniuma zaidi ni kuona dari ya boriti ikibomolewa katika nyumba ya mawe ya kale, na slabu ikamwagwa juu ya kuta zilezile. Kuta za chokaa ni laini, hupumua na kujongea kidogo. Slabu ni kipande kimoja kigumu. Nyufa hufuata. Anayejenga upya kwenye kiwanja kitupu, ajenge kwa zege, mchanga uwe safi na nondo zifunikwe vizuri. Siwaambii watu wote warudi kwenye mikoko: tumeikata mno, na Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje tangu mwaka 1982.

Ila mwenye boriti asizikimbie. Adui wa boriti ni maji ya paa linalovuja, na kuoza huanzia pale kichwa cha boriti kilipozama ukutani. Ukiona doa kwenye kona ya dari, toboa plasta hapo, uchomeke kisu kwenye mti. Kisu kikigoma, ziba paa. Kikizama, badilisha boriti hiyo moja tu. Nyingine zibaki zilipo.