Je, wajua msitu wa mikoko hutiwa bei vipi bila kukata hata mti mmoja?

Mkoko ukishakatwa, bei yake haina utata. Pwani ya Kenya miti hiyo imeuzwa kwa korija, ishirini ishirini, tangu enzi za majahazi yaliyoipakia kwenda Uarabuni, na kila unene una jina na bei yake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kazi ngumu ni kuutia bei mti uliosimama. Unazuia mawimbi yasile ufuo, unalea kamba na samaki wachanga, unafukia kaboni topeni, na hakuna anayekata risiti. Kwa hiyo akija mtu anayetaka kufyeka mikoko achimbe mabwawa ya chumvi, faida ya chumvi imo kwenye makaratasi yake, lakini hasara ya mvuvi haimo popote. Mkutano ukiamua kwa makaratasi hayo, msitu umeshindwa kabla haujatetewa.

Watafiti hujaribu kuijaza nafasi hiyo, na kila huduma huhesabiwa kwa njia yake. Samaki wana soko, basi huanzia sokoni. Kwa kinga ya ufuo huuliza: ukuta wa zege wa kufanya kazi hiyohiyo ungegharimu kiasi gani kuujenga na kuukarabati? Kwa kaboni, lazima watu waingie topeni.

Ghuba ya Gazi, Kwale, ni mfano mzuri. Mikoko yake ilikatwa sana miaka ya 1970 kwa kuni za viwandani, na miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya wakaanza kuipanda upya. Mpimaji huzungushia shina utepe. Kwa aina iitwayo mkoko hasa, ambayo mizizi yake huchomoza shinani, hupima juu ya mzizi wa juu kabisa. Kutokana na unene huo hukadiria uzito wa mti na kaboni iliyomo. Kisha hudidimiza bomba ardhini, hutoa tope, hulikausha na kulipima, kwa kuwa sehemu kubwa ya kaboni ya mikoko imo humo chini.

Hesabu hizo ndizo zilizozaa Mikoko Pamoja, mradi wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Tangu 2013 hekta 117 za msitu huo zinalindwa, na takriban tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka huuzwa kama hati za kaboni, yaani vyeti vinavyonunuliwa na wanaotaka kufidia hewa ukaa wanayoitoa wao. Fedha zimeleta maji na vitabu vya shule, na matumizi hujadiliwa na wanakijiji wenyewe.

Lakini mnunuzi hulipia kaboni tu. Samaki na kinga ya ufuo havimo kwenye bei hiyo, kwa hiyo anayeichukua kuwa ndiyo thamani ya msitu mzima ameupunja mno.

Njia inayonitia wasiwasi zaidi ni ya kuwauliza watu wako tayari kutoa shilingi ngapi ili msitu ubaki. Mwenye hoteli atataja kiasi kikubwa. Mama anayeokota chaza atataja kidogo, ingawa mikoko ikiisha ni yeye atakayelala njaa. Mfuko mwembamba hufanya hitaji lake lionekane dogo. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti huwauliza wenyeji siku ngapi za kazi wangejitolea kuutunza msitu, wakaacha kabisa kuuliza shilingi.