Bundi juu ya paa haleti taarifa ya msiba

Wengi wetu huku Mwanza tumelelewa tukiamini kwamba bundi akilia juu ya paa, kuna mtu atafariki katika nyumba ile. Imani hii ni ya zamani, wala haipo Usukumani peke yake.

Bundi hulia kuwaonya bundi wengine wasiingie eneo lake, na kumwita mwenzi. Hulia usiku kwa kuwa ndio muda wake wa kuwinda. Mawe makubwa ya milima yetu yana mianya inayowafaa kupumzika mchana, na yule mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo hutaga hata darini. Huyo hupiga ukelele mkali, unaotisha kweli. Masikio yake hayako sawa, moja liko juu kidogo kuliko lingine, hivyo anajua panya alipo hata gizani kabisa. Ukingo wa mbawa zake ni laini, naye hupita bila kusikika. Kwangu mimi ni ndege mzuri mno, na anastahili kuachwa huru.

Usiku uliofuatiwa na msiba hukumbukwa. Mwingi uliopita salama husahaulika. Andika kwenye daftari kila unapomsikia, kisha uone ni mara ngapi kweli kulitokea kifo. Pia angalia chini ya mahali anapolala: utakuta vidonge vya manyoya na mifupa alivyotapika. Vaa glavu, uvipasue kwa kijiti. Mara nyingi utaona mafuvu ya panya, wale wale wanaomaliza mpunga ghalani kule Magu na Misungwi.