Kundi la Simba ni la Majike

Fahali wawili hawakai zizi moja, walisema wahenga, na wengi wetu msemo huo tumempachika simba. Tunamwona dume mmoja mwenye manyoya mazito shingoni, majike wakimzunguka, watoto wakimwogopa, naye akitawala mpaka kufa. Kwa fahali huenda ikawa kweli. Kwa simba, hapana.

Simba wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti tangu 1966, na kilichoonekana ni kwamba mhimili wa kundi ni majike: mama, binti, dada, shangazi. Mabinti wengi hubaki pale walipozaliwa na kurithi eneo la mama zao. Madume wachanga huondoka wakiwa na umri wa miaka miwili au mitatu. Wanaokuja kulishika kundi hutoka nje, na mara nyingi huja wawili, watatu au zaidi, ama ndugu waliokua pamoja ama wageni walioungana njiani. Dume wa peke yake hupata shida kulishika kundi na kulilinda. Hata hao walioungana kwa kawaida hudumu miaka miwili au mitatu tu kabla ya kufukuzwa na wengine wenye nguvu zaidi.

Na je, kuna malkia basi? Hakuna. Miongoni mwa majike hakuna anayemzuia mwenzake kuzaa, jambo ambalo kwa mbwa mwitu ni tofauti kabisa. Wanaozaa kwa wakati mmoja huwalea watoto pamoja, na mtoto hunyonya hata kwa jike asiyemzaa. Hilo hunigusa kila nikilifikiria.

Wapo wanaosema dume ni mvivu, hula tu jasho la majike. Ni kweli kwamba kwenye mzoga huwasukuma wenzake na kula kwanza. Lakini kwenye mbuga ya wazi tunawaona majike kwa sababu uwindaji wao unaonekana. Utafiti uliofanywa Kruger, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba madume huwinda kwa kuvizia ndani ya vichaka vizito, mahali ambapo gari la watalii haliingii. Tena miaka ile dume anapozurura bila kundi, nani anamwindia? Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na dume naye ni simba.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile ya kwamba madume wapya huua watoto kwa ukatili tu. Jike anayelea hapandwi mpaka watoto wake wakaribie miaka miwili, na madume wapya hawana muda huo. Watoto wakifa, mama huwa tayari kupandwa tena mapema. Huko Serengeti karibu robo ya vifo vya watoto wa simba katika mwaka wao wa kwanza hutokana na mauaji hayo. Majike nao hawakai kutazama: hupigana kwa pamoja, na wengine hutoroka na watoto waliokwisha kukua kidogo.

Ndiyo maana si kweli kwamba dume akipigwa risasi na mwindaji hasara ni ya simba mmoja tu kwa kuwa mwingine atakuja. Huyo mwingine ndiye anayeua watoto. Tanzania, yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote, iliweka kanuni kwamba dume anayewindwa awe na umri wa miaka sita au zaidi, ili kwanza apate nafasi ya kukuza watoto.

Mwezi Julai 2015, Cecil, dume maarufu wa Hwange nchini Zimbabwe, aliuawa na mwindaji nje ya mipaka ya hifadhi. Habari zikaenea kwamba dume aliyebaki, Jericho, angewamaliza watoto wa Cecil. Waliosema hivyo walikuwa na zizi la fahali akilini. Jericho hakuwa mpinzani wa Cecil bali mshirika wake, waliokuwa wakilinda eneo pamoja. Alibaki na kundi, na watoto hakuwadhuru.