Kabla ya kutupa mshipi Malindi: wapi uvue, na sulisuli umwachilieje

Kaskazi ikianza kuvuma, mwezi wa Novemba hivi, boti za uvuvi wa michezo huongezeka Malindi na maswali nayo huongezeka ofisini kwetu. Linaloulizwa zaidi ni hili: mtu asiye mgeni wa hoteli wala mwanachama wa klabu anaweza kushuka ufuoni na mshipi wake akavua?

Kushuka anaweza. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mwenye hoteli ana haki ya kukuzuia usikatize kiwanja chake, lakini mchanga unaofunikwa na maji yakijaa si wake. Shida kubwa iko kwenye njia za kushukia. Kichochoro kikizibwa kwa ukuta, anayeumia kwanza ni mvuvi anayebeba nyavu begani alfajiri. Kwa maoni yangu, klabu zenye sauti na mawakili zinapaswa kusimama na vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU, kila njia ya namna hiyo inapotishiwa.

Kuvua ni jambo lingine. Uvuvi wa michezo unahitaji leseni chini ya Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016, na kadi ya uanachama wa klabu si leseni. Halafu kuna hifadhi. Mbuga ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 6 tu, na ndani yake hakuna kuvua kabisa, hata kama unakusudia kumrudisha samaki majini. Eneo la akiba linaloizunguka huruhusu uvuvi wa kienyeji kwa masharti. Kama hujui mpaka uko wapi, waulize askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, kabla ya kuondoka, usingoje kukamatwa.

Nje ya miamba ndiko waliko samaki wanaovuta watu kutoka mbali: sulisuli, nduaro, jodari, nguru, fulusi. Mto Sabaki humwaga maji ya udongo kaskazini mwa mji, na pale maji ya kahawia yanapokutana na ya buluu dagaa hukusanyika, na sulisuli huwafuata. Manahodha wa Malindi wanaujua mstari huo vizuri. Wavuvi wa jarife wanaujua pia, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Boti ya kurambaza, inayoburuta mishipi nyuma yake, ikipita juu ya jarife inaweza kukata wavu ambao familia nzima inautegemea. Ukiona maboya au bendera ya wavu, zunguka mbali. Ukishaukata, nenda bandarini mkaelewane na mwenyewe siku hiyo hiyo.

Klabu nyingi leo huhimiza sulisuli na nduaro waachiliwe, na ni utaratibu mzuri, kwa sababu samaki hawa huvuka mipaka ya nchi na huvuliwa kila upande wa Bahari ya Hindi. Lakini kuachilia kuna maana tu ikiwa samaki ataishi. Aliyepiganishwa muda mrefu kwa mshipi mwembamba huchoka kiasi cha kufa baadaye, mahali usipomwona, kwa hiyo tumia mshipi wenye nguvu ya kutosha. Ndoana ya mviringo hunasa pembeni mwa mdomo, ilhali ile ya kawaida yenye chambo humezwa mara nyingi ikachana utumbo. Samaki akifika ubavuni mwa boti, mwache majini. Picha ya sulisuli aliyelazwa kwenye mapaja ya watu wanne inapendeza, lakini hapo mashavu yake hayapati maji, ngozi yake inapoteza ute, na uzito wake unakandamiza viungo vya ndani. Baharia amshike mdomo mrefu kwa glavu, mwenzake amchome kitambulisho, yaani kijiti cha plastiki chenye namba, mgongoni, chini kidogo ya pezi kubwa. Akilegea, nahodha asogeze boti polepole maji yapite mashavuni mpaka rangi irudi na mkia uanze kupiga wenyewe. Hapo mwachilie. Akiwa amekwisha kufa, mpeleke nchi kavu aliwe.

Vitambulisho hivyo husimamiwa na African Billfish Foundation ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1990, na vinavyorudi mara nyingine huletwa na wavuvi wa nyavu wala si wanamichezo. Kwa hiyo hili ni kwenu pia mnaouza samaki bandarini: ukikuta kijiti cha plastiki chenye namba kwenye mgongo wa samaki, usikitupe. Kihifadhi, pima urefu wa samaki, andika tarehe na mahali alipovuliwa, kisha kipeleke kwa BMU yako au Watamu.