Chifu aliyekalia kiti cha Spika

Nafundisha historia hapa Iringa na kila nikipeleka wanafunzi makumbusho ya Kalenga ni yaleyale, wote wanakimbilia kile kioo chenye fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, wanabanana, "mwalimu, hili ndo lenyewe?", af tukitoka nje wanapita kaburi la mjukuu wake kama vile halipo. Inaniuma sana. Huyo mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ndo aliyekaa kiti cha Spika miaka mingi kuliko yeyote nchi hii, 1962 mpaka 1973, akapisha kidogo (alikaa Erasto Mang'enya), akarudi 1975 mpaka 1994. Jumlisha, inakaribia miaka 30.

Wengi wanasema alibebwa na jina. Jina lilimpa uchifu, sawa, na yeye ndo alikuwa chifu wa Wahehe mwaka 1954 gavana wa Kiingereza, Twining, alipolileta fuvu la babu yake toka Ujerumani. Lakini angalieni tarehe jamani. Kawa Spika Novemba 1962, Jamhuri yenyewe bado wiki chache, af 1963 sheria ikafuta mamlaka ya machifu nchi nzima. Yaani Bunge lilelile analoliongoza ndo likaondoa cheo alichorithi kwa baba na babu! Na kitini akabaki. Mimi hapo ndo naona uzito wa yule mzee.

Sasa kwa nini alikiweza? Spika hasimami kuchangia hoja, kazi yake ni kujua nani aongee, nani akae chini, kanuni inasema nini, na asionekane ana upande. Mtu aliyekalia baraza la uchifu tangu kijana, kesi ya shamba, kesi ya ng'ombe, wazee wanaongea weee mpaka jua linaelekea kuzama na yeye kanyamaza tu anasikiliza, neno lake linakuja mwisho kabisa, mtu kama huyo ukimpeleka ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam, Bunge lilikokuwa linakaa enzi hizo, unamkuta kazi anaijua tayari. Hiyo ni tafsiri yangu na naisimamia.

Alimwachia Pius Msekwa 1994, vyama vingi vimesharudi, akafariki 1999.

Safari ijayo nikiwapeleka vijana tunaanzia nje, pale kaburini. Fuvu tutaliona baadaye.