Ufunguo Ulio Mfukoni Unaitikia Wito wa Nani?

Kwenye dawati la madai ya magari ninapofanyia kazi, hapa Nairobi, kuna maneno ambayo siku hizi nayasikia mno: "Nililifunga mwenyewe, likalia, na ufunguo ndio huu." Msemaji huwa ameushika ufunguo kama hirizi. Gari halipo. Hakuna kioo kilichovunjwa, king'ora hakikulia, na mlinzi wa lango anaapa kwamba gari lilitoka polepole, taa zikiwaka, kama linaloendeshwa na mwenyewe. Wateja wengi hudhani wanatusimulia maajabu, na wengine huja na hasira tayari wakiamini tunawashuku. Si maajabu, na kwa kawaida hatuwashuku. Nitaeleza kinachotokea, kisha nieleze tunachohitaji kutoka kwako, kwa kuwa madai mengi hukwama hapo.

Niseme mapema kwamba masharti ya mkataba wako wa bima ndiyo yanayotawala, si makala haya.

Gari la kuwashwa kwa kubonyeza kitufe, ufunguo ukibaki mfukoni, haliulizi wewe ni nani. Linauliza kama ufunguo uko karibu. Ukigusa kishikio cha mlango, antena zake hutoa wito wa masafa ya chini, takriban kilohezi 125, uliopimwa ufike mita moja au mbili tu. Ufunguo ukiusikia unaamka na kujibu kwa masafa ya juu, mara nyingi megahezi 315 au 433 kutegemea soko ambalo gari liliundiwa. Jibu lenyewe limefumbwa na hubadilika kila mara, hivyo aliyelinasa leo hawezi kulirudia kesho. Hapo watengenezaji walikuwa makini. Walipokisia ni kwenye umbali: walichukulia kwamba ufunguo ukisikia wito hafifu kama ule, basi uko hapo hapo mlangoni.

Mwizi basi hana haja ya kufumbua fumbo. Anaurefusha wito. Wanakuwa wawili, mmoja kando ya gari, mwingine karibu na ufunguo ulipo, kila mmoja na kifaa chake begini. Cha kwanza kinapokea wito wa gari na kumrushia mwenzake, ufunguo unaitikia kwa uaminifu wake wote, na jibu linarudi. Anayebisha hodi ni mwizi, lakini sauti inayofika chumbani ni ya mwenye nyumba.

Mwaka 2011 watafiti wa ETH Zurich, Uswisi, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa magari ya aina 10 kutoka kwa watengenezaji 8. Yote yalifunguka na yote yakawaka. Chama cha wenye magari cha Ujerumani, ADAC, kimejaribu mamia ya aina nyingine tangu hapo, na zilizofaulu kuuzuia ujanja huu ni chache. Kwa hiyo hili halikuzuka jana, wala si setilaiti, kama nilivyoelezwa kwa kirefu na bwana mmoja msomi ambaye hakunipa nafasi ya kujibu.

Ziko teknolojia mpya zinazopima muda ambao mawimbi yametumia njiani. Mawimbi ya redio husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo ufunguo ulio mbali hujulikana kwa kuchelewa kwake, hata ukichelewa kidogo sana. Baadhi ya Range Rover zimekuwa nayo tangu 2018. Lakini wengi wetu tunanunua magari yaliyokwisha kutumika Japani, yenye umri usiozidi miaka minane kama kanuni za uagizaji zinavyotaka, na mengi ya hayo hayajui kupima muda wowote.

Watu huuliza kwa nini gari halizimiki likishaachana na ufunguo. Kwa sababu hutaki lizimike. Fikiria betri ya ufunguo inakufa ukiwa Thika Road, leni ya kati, trela nyuma yako. Injini ikishawaka, inaendelea mpaka mtu aizime. Hili nalijua vizuri kuliko nilivyotaka. Nilimpeleka mke wangu uwanja wa ndege wa JKIA alfajiri moja, ufunguo ukiwa mkobani mwake, na tulipoagana gari likaanza kupiga kelele. Nikadhani ni mkanda. Nikaufunga, likaendelea, nikalizoea. Nilifika Lang'ata, nikazima gari, nikaingia ndani kunywa chai. Ufunguo ulikuwa umeshatua Kisumu. Siku mbili nilipanda matatu kwenda ofisini kuwashauri watu kuhusu funguo.

Sisemi magari haya ni mabaya. Mwenye mtoto begani na mifuko ya sokoni mikononi, mvua inanyesha, anajua thamani ya mlango unaofunguka kwa kuguswa. Na kwa mji huu, kutosimama gizani nje ya geti ukipekua mkoba kutafuta ufunguo ni usalama pia. Ninachoomba ni uujue mlango wake wa nyuma.

Anza na mahali ufunguo unapolala. Nyumba zetu nyingi zina msumari au kibakuli kando ya mlango wa mbele, na gari liko hatua tano kutoka hapo. Kwa wanaoishi nyumba za Buruburu au South B zenye ukuta mmoja kati ya sebule na maegesho, huo ndio umbali ambao mwizi angeuomba kama angepewa nafasi ya kuchagua. Anayeishi ghorofa ya saba ana nafuu usiku, lakini mchana hana. Mchana ufunguo uko mezani kwenye nyama choma, juu ya simu, na mtu mwenye begi ameketi meza ya pili bila kuagiza chochote. Uko mkobani kanisani Jumapili. Uko kwenye foleni ya benki. Jamaa wa pili yuko nje, kando ya gari lako, anasubiri taa zimete.

Dawa yake si ya bei. Mawimbi hayapenyi chuma kilichofunga vizuri. Ziko pochi maalumu za kuzuia mawimbi, na kopo la biskuti la bati lenye mfuniko unaokaza linaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Lijaribu kabla ya kuliamini: tia ufunguo ndani, funika, simama na kopo kando ya mlango wa dereva, vuta kishikio. Gari likifunguka, kopo hilo ni la biskuti tu. Pochi nazo huchakaa kwenye mikunjo, kwa hiyo rudia jaribio kila baada ya miezi michache. Wapo wanaoficha ufunguo ndani ya maikrowevu. Tafadhali msifanye hivyo. Siku moja mtu atapasha githeri.

Ufunguo wa akiba nao ufungiwe. Wateja wanaficha mmoja kwenye kopo na kuuacha wa pili kwenye droo ya sebuleni, ukiitikia kila wito. Kwenye Toyota nyingi unaweza kuulaza kabisa: shikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, na taa yake ndogo itameta mara nne. Ukibonyeza kitufe chochote baadaye unaamka. Aina nyingine zina utaratibu wao, nao uko kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa bahati mbaya mara nyingi kimeandikwa Kijapani. Na kufuli la usukani, lile la chuma ambalo vijana wanalicheka, halina antena.

Kuna wizi wa pili ambao watu wanauchanganya na huu. Hapa mwizi harefushi mawimbi, anayakatiza. Unashuka kwenye maegesho ya duka, unabonyeza rimoti huku umegeuka mgongo na simu sikioni, na mtu aliye karibu anarusha kelele kwenye masafa yale yale. Gari halikusikia chochote, halikujifunga. Unarudi, laputopu haipo. Ukituletea dai hilo tutakuuliza dalili ya kuvunja iko wapi, kwa kuwa mikataba mingi haifidii mali iliyotoka kwenye gari ambalo halikufungwa. Najua haipendezi kusikia.

Kwa hiyo geuka uangalie taa za indiketa, na vioo vikijikunja kama gari lako lina tabia hiyo. Msijaribu kwa kuvuta mlango wa dereva! Kila mwezi mtu hunipigia simu kusema kufuli lake limeharibika kwa sababu "nafunga, navuta, linafunguka". Bila shaka linafunguka, ufunguo uko mfukoni mwako. Vuta mlango wa abiria wa nyuma. Kwenye magari mengi huo hauna kihisi.

Betri ya ufunguo ikiisha, msimwite fundi avunje kioo. Ndani ya ufunguo kuna kijiufunguo cha chuma cha kufungulia mlango, na ukiugusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, magari mengi yatawaka. Betri yenyewe ni ile ya duara kama sarafu, mara nyingi CR2032 au ndugu yake.

Sasa madai. Nitakwenda polepole.

Gari likiibwa, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali lilipoibwa. Si kundi la WhatsApp la mtaa kwanza, polisi kwanza. Kama una traka, ipigie kampuni yake simu ukiwa njiani, kwa maana kila dakika ina thamani na wezi hutafuta kifaa hicho mapema. Kituoni utaandikiwa kwenye kitabu cha matukio na kupewa nambari ya OB. Iandike sawasawa, pamoja na jina la kituo na tarehe. Kisha tujulishe, au umjulishe wakala wako, ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkataba wako. Usisubiri abstrakti, ile hati ya polisi ya kuthibitisha ripoti yako, ndipo utupigie, abstrakti inafuata. Utajaza fomu ya madai, utaleta nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA (nambari yako ya kodi), leseni ya aliyeliendesha mara ya mwisho, na logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo na logibuku iko benki, leta barua ya benki, na uendelee kulipa mkopo, kwa sababu wizi haukuufuta. Sisi tutafanya upekuzi wa umiliki NTSA, mamlaka inayosajili magari, na kumteua mpelelezi. Mpelelezi atakuuliza maswali yale yale uliyojibu kwenye fomu. Hilo ni la kawaida, usilichukulie kama tusi.

Na utaleta funguo. Zote.

Hapa ndipo watu wanapopandisha sauti. Gari la kubonyeza likiondoka bila kioo kuvunjika, maelezo yanayowezekana ni machache: mawimbi yalirefushwa, au mtu alichomeka mashine kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kuliingizia gari ufunguo mpya, kazi ya dakika chache, au mtu alitumia ufunguo wa kweli. Funguo zote zikiwa mezani, maelezo ya tatu yanapoteza nguvu na faili lako linasonga. Ukikosekana mmoja, lazima tuulize uko wapi, ulipotea lini, na kwa nini hukutuambia. Magari mengi kutoka Japani hufika na ufunguo mmoja tu. Hakuna kosa. Kosa ni kwamba fomu ya kuomba bima iliuliza idadi, na mwenyewe au wakala akajaza "2" kwa mazoea. Miaka mitatu baadaye namba hiyo ndiyo inayokaa kati yetu mezani.

Ukimpa fundi kazi ya kukutengenezea wa pili, iwe Kirinyaga Road au kwingineko, chukua risiti, kaa hapo hapo akifanya kazi, na umwombe akuonyeshe kwenye mashine gari linatambua funguo ngapi. Zikitokea tatu na wewe una mbili, asimalize mpaka hiyo ya tatu ifutwe. Swali hilo liulize pia siku unaponunua gari lililokwisha kutumika hapa nchini. Mwenye awali anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini pale alipozoea kuliosha gari huachwa ufunguo mchana kutwa.

Kuhusu adhabu, kifungu cha 278A cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 7 kwa wizi wa gari. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 18, inamwandama anayetengeneza, kuuza au kuagiza vifaa vilivyoundwa kwa makosa ya aina hii: faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kupatikana navyo tu bila sababu ya kutosha ni hadi milioni 10 au miaka 5. Nayataja haya kwa ajili ya wale wanaoniuliza kama wanaweza kuagiza kifaa hicho mtandaoni "kujaribu gari langu mwenyewe". Tumieni kopo la biskuti. Na kwa wachache wanaoliuza gari kisha kuliripoti limeibwa, kutoa habari za uongo kwa afisa wa serikali ni kosa chini ya kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, hata kabla hatujafika kwenye suala la bima.

Kama ulikata bima zamani na hukumbuki uliandika funguo ngapi, mwandikie wakala wako barua pepe wiki hii. Taja nambari ya usajili wa gari na idadi ya funguo ulizo nazo mkononi, uambatishe picha yake zikiwa kando kwa kando. Mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba rekodi imerekebishwa, na jibu lake ulihifadhi pamoja na cheti cha bima, si ndani ya gari.