Anayeyumba Muulize Anakula Nini

Mgonjwa akija analalamika kwamba miguu haimtii, huwa namuuliza kwanza swali linalomshangaza: "Asubuhi ukinawa uso, ukafumba macho kwa ajili ya sabuni, unayumba?" Wapo wanaonijibu kwamba siku hizi hunawa wakiwa wameegemea ukuta. Swali la pili huwashangaza zaidi: "Tangu mavuno yaliyopita umekuwa ukila nini?"

Hapa Dodoma mtu akianza kupepesuka, majirani wana majibu tayari. Kama anaonekana kilabuni, ni pombe. Kama hanywi, basi amerogwa. Majibu yote mawili humchelewesha. Ninawapokea watu waliozunguka kwa waganga karibu mwaka mzima, na katika magonjwa nitakayoyataja hapa kuna yanayotibika vizuri mtu akija mapema na yasiyorudi nyuma akichelewa. Hilo linaniumiza, ndiyo maana naandika.

Hali hii kitaalamu huitwa ataksia. Misuli ina nguvu zake, lakini mwili umepoteza mpangilio. Mtu hutembea ametanua miguu kama aliyesimama ndani ya mtumbwi. Akiinua kikombe, mkono hucheza zaidi unapokaribia mdomo. Maneno nayo huanza kuburuzika. Chanzo kinaweza kuwa serebela, yaani ule ubongo mdogo wa kisogoni unaopanga mwendo. Kinaweza pia kuwa uti wa mgongo, au mishipa ya fahamu inayoupasha ubongo habari kutoka miguuni: unyayo uko wapi, ardhi imeinama kiasi gani. Habari hizo zikikatika, macho hubeba kazi yote. Ndiyo maana anayefumba macho huyumba, na ndiyo maana wengi huanza kuanguka usiku, umeme ukikatika au wakitoka kwenda chooni bila tochi.

Ziko ataksia za kurithi, ziko za kiharusi na za uvimbe kichwani. Leo nazungumzia zile zinazoingia kwa mdomo na kwa pua, kwa kuwa hizo nyumba yenyewe inaweza kuzizuia.

Mhogo na mwaka wa ukame

Sisi wa kanda ya kati ni watu wa uwele na mtama, na siku hizi mahindi. Mhogo tunaukimbilia mvua zikikataa, maana unavumilia. Lakini ukame uleule unaoua mahindi huzidisha sumu ndani ya mhogo. Shina lililokuwa likitoa mhogo mtamu mwaka wa mvua nzuri linaweza kutoa mchungu mwaka wa jua kali, na mwenye shamba akaendelea kuupika kama alivyozoea.

Ndani ya mhogo mna kemikali iitwayo linamarini. Mzizi ukiwa mzima, imetulia. Mzizi ukikunwa, ukitwangwa au ukilainika majini, hukutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, kinaivunja, na mwishowe inatoka sianidi. Sianidi ni sumu kali, lakini ni sumu inayoruka hewani. Kwa hiyo kazi yote ya kuandaa mhogo mchungu ni kuuponda au kuulainisha, kisha kuipa sumu muda wa kutoka. Mababu hawakujua jina la linamarini, lakini kuloweka na kuvundika kwao kulifanya kazi hiyohiyo. Mhogo uliolowekwa siku 3 au zaidi mpaka ukalainika hubaki na sumu kidogo sana. Uliokatwa mapande na kuanikwa juani siku hiyohiyo hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Unga wake ni mweupe, unapendeza machoni, na sumu nyingi imebaki humo.

Njaa ikikaza ndipo watu hufupisha njia. Siku tatu huwa moja, kwa sababu watoto wanasubiri. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilaya ya Tarime ilipata mlipuko wa ugonjwa uitwao konzo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukatokea tena kusini, mkoani Mtwara. Jina limetoka kwa Wayaka wa Kongo, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 baada ya kuukuta Kwango. Mtoto au mama hulala mzima, na asubuhi miguu yote miwili imekakamaa. Hauambukizi wala hauendelei kumla mtu, lakini ulichokiharibu hakirudi. Watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa ndio hupigwa zaidi.

Konzo ni ukakamavu wa miguu. Ataksia yenyewe ya mhogo ina sura nyingine. Profesa Benjamin Osuntokun aliichunguza kwa kina huko Nigeria katika miaka ya 1960, kwa watu waliokula mhogo kila siku kwa miaka mingi. Hii huja polepole, hasa kwa watu wazima. Nyayo zinachoma, zinakufa ganzi, mwendo unayumba, macho yanafifia, masikio yanapoteza usikivu. Mzee wa namna hiyo watu humwambia ni uzee tu.

Katika magonjwa yote mawili mhogo haukosei peke yake. Mwili unao uwezo wa kuigeuza sianidi kuwa kitu kisicho na madhara makubwa na kuitoa kwa mkojo, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini. Anayekula ugali wa mhogo kwa kunde, njugu mawe, karanga, dagaa au mayai ana ngao. Anayeula kwa mlenda mtupu wiki baada ya wiki hana. Mlenda siuvunjii heshima, mimi mwenyewe naupenda, ila utie karanga za kusaga.

Kama unga wa mhogo uko ndani tayari na hujui uliandaliwaje, ipo njia rahisi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Weka unga kwenye beseni, tia alama ulipofikia, ongeza maji huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Utandaze kwenye mkeka au turubai kwa unene usiozidi sentimita 1, juani kwa saa 2 au kivulini kwa saa 5, kisha usonge ugali siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani na lile la Chakula na Kilimo wameweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo ya unga, na njia hii hushusha sumu kwa kiasi kikubwa bila gharama yoyote zaidi ya maji na subira. Kisamvu nacho kitwangwe hasa, kisha kichemke muda mrefu. Majani yaliyokatwakatwa tu na kuchemshwa kidogo si salama.

Wengi hapa wakisikia "sumu kwenye chakula" hukumbuka sumukuvu ya mwaka 2016 iliyoua watu Chemba, Kondoa na jirani zetu wa Kiteto. Ile hutokana na ukungu wa mahindi na karanga, na hushambulia ini: macho ya njano, tumbo kujaa. Ya mhogo hushambulia mishipa ya fahamu. Kupembua punje mbovu hakusaidii mhogo, na kuloweka hakusaidii mahindi yenye sumukuvu.

Mbegu zenye rangi

Desemba mvua zikianza, kuna nyumba ambazo ghala limebaki vumbi na pembeni upo mfuko wa mbegu za kisasa, zina rangi ya waridi, kijani au buluu. Rangi ile imewekwa makusudi ili mtu asizile, kwa kuwa zimepakwa dawa ya kuzuia fangasi na wadudu. Nimewahi kuambiwa, tena kwa nia njema kabisa, "Daktari, tunaziosha mpaka rangi inaisha."

Naomba kila anayefikiri hivyo ajue yaliyotokea Iraki. Kati ya mwaka 1971 na 1972 serikali iligawa mbegu za ngano na shayiri zilizopakwa zebaki ya methili. Katika maeneo mengi zilifika msimu wa kupanda umepita, na watu walikuwa na njaa. Waliziosha, rangi ikatoka, wakapika mikate. Rangi ilitoka na sumu ikabaki. Kwa wiki kadhaa hakuna aliyeumwa, kwa hiyo wakaamini ni salama. Kisha ikaanza ganzi mdomoni na vidoleni, miguu ikayumba, macho yakabaki kuona mbele tu kama kupitia bomba. Hesabu rasmi ilikuwa watu 6,530 waliolazwa na 459 waliofia hospitalini. Dawa zinazopakwa mbegu zetu leo si ile zebaki, lakini ni sumu zilizotengenezwa kuua viumbe, na maji ya kisima hayaziondoi. Hata kuku wasipewe. Na mfuko au ndoo iliyobeba mbegu hizo au viuatilifu isigeuzwe chombo cha unga au maji ya kunywa.

Zebaki yenyewe tunayo kwenye machimbo ya dhahabu. Kuanzia Sekenke mkoani Singida, ambako uchimbaji ulianza enzi za Wajerumani, hadi kwenye maduara mapya ya wachimbaji wadogo, dhahabu hukamatwa kwa zebaki na kisha donge huchomwa. Ule mvuke hauna harufu. Mchomaji huanza kutetemeka vidole, mwandiko hubadilika, hukasirika bila sababu, hukosa usingizi. Anayechomea jikoni, kwenye kikaango cha nyumbani, anawavutisha mkewe mjamzito na watoto. Chombo kilichofungwa, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, kinalinda watu na pia kinaokoa zebaki yenyewe, ambayo mchimbaji ameinunua kwa fedha yake. Uchomaji wowote ufanyike nje, mbali na makazi, na nguo za kazi zisiingie chumbani.

Kinachokosekana na kinachozidi

Rudi kwa yule anayeyumba akinawa uso. Mara nyingi namtafutia upungufu wa vitamini B12. Vitamini hii tunaipata kwenye nyama, maini, samaki, mayai na maziwa, na mtu anayekula ugali na majani peke yake miaka kadhaa huimaliza akiba yake. Wapo pia wanaokula vizuri lakini tumbo limeshindwa kuifyonza, hasa wazee, na wagonjwa wa kisukari wanaotumia metformini kwa muda mrefu. Uti wa mgongo huharibika polepole. Sindano za B12 zikianza mapema, mtu hurudi kutembea vizuri. Hapa nina onyo moja: vidonge vya foliki asidi vinaweza kurekebisha upungufu wa damu na kumfanya mgonjwa aonekane amepona, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Usijinunulie "vidonge vya damu" dukani ukaishia hapo kama miguu ina ganzi.

Pombe nayo haina kesi ya kusingiziwa. Gongo na pombe nyingine za kila siku, kwa miaka, huila serebela, na mnywaji asiyekula hukosa vitamini B1. Akianza kuchanganyikiwa, kuona vitu viwili viwili na kuyumba kwa pamoja, hiyo ni dharura ya siku hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa mama mjamzito aliyetapika wiki nzima au zaidi bila kukaa na chakula. Ndugu amweleze mhudumu, kabla dripu ya sukari haijatundikwa, kwamba mgonjwa hajala siku nyingi. Vitamini B1 inatakiwa kutangulia.

Wapo wanaouliza kama gluteni, yaani protini iliyomo kwenye ngano, inaweza kumyumbisha mtu: ni kweli kwamba ipo ataksia inayotokana nayo, na Profesa Marios Hadjivassiliou wa Sheffield, Uingereza, ameichunguza tangu miaka ya 1990. Lakini mtama, uwele na mahindi hayana gluteni. Usimnyime mzee chapati yake kabla hajapimwa.

Kuna jambo moja la kitimoto ambalo watu hulielewa kinyume. Nyama ya nguruwe yenye vivimbe vyeupe kama punje za mchele, isipoiva, humpa mlaji tegu tumboni. Tegu huyo hutoa mayai kwenye kinyesi cha binadamu, na mayai hayo ndiyo yenye balaa kubwa. Mtu akiyameza kupitia maji, mboga mbichi au mikono isiyooshwa, hujenga vivimbe ndani ya ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata, akiishi au kula na mwenye tegu. Kifafa kinachoanza ukubwani, maumivu ya kichwa yasiyoisha na mwendo kuharibika ni dalili zake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pale ugonjwa huu ulipoenea, unahusika na takriban asilimia 30 ya kifafa. Nguruwe wafungiwe bandani, choo kitumike na kila mtu, nyama ipikwe mpaka wekundu uishe ndani. Dawa za kuua tegu asipewe mwenye kifafa au kichwa kinachouma bila daktari kumwona, kwa sababu vivimbe vikifa ghafla ubongo unaweza kuvimba.

Wenye kifafa wanaotumia fenitoini au fenobabitali, wakianza kuyumba na kusinzia, yawezekana dozi imezidi. Wasiache dawa wenyewe. Waende kliniki wapunguziwe.

Mkija kutuona, njooni na vitu. Leteni unga kidogo mnaopikia kwenye mfuko safi, karatasi za dawa zote anazotumia mgonjwa, hata za mitishamba, na mtu anayejua mnavyopika. Kama dalili zimeanza ghafla, zimeambatana na mdomo kupinda, au mgonjwa hawezi kumeza, msisubiri kukusanya chochote. Na kama nyumba moja au kitongoji kimoja kina watu wawili watatu wenye miguu iliyoanza kukataa msimu huohuo, mwelezeni mhudumu wa zahanati au afisa afya siku hiyo, na chakula kilichobaki kisitupwe, kifungwe na kuwekwa mbali na watoto na mifugo mpaka sampuli ichukuliwe kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.